Feni Inakula Ampia Ngapi?

Koneta iliyoletwa mezani kwangu ilikuwa ile bapa ya pini kumi na tano, ya kuwashia hadidiski. Pini tatu za mwisho hazikuonekana. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikazimeza, kisha ikaganda rangi ya kahawia kama sukari iliyoungulia sufuriani. Mwenyewe, kijana anayechimba sarafu za kidijitali kwenye chumba cha uani nyumbani kwao, alikuwa na hakika kwamba ameuziwa pawasaplai feki. Pawasaplai haikuwa na kosa. Alikuwa ameunga feni sita nene kwenye waya mmoja, kwa sababu, kama alivyoniambia, "Feni ni feni tu, fundi, inakula nini?"

Nikamwambia aigeuze moja tusome kibandiko cha mgongoni. DC 12V, 1.20A. Sita kwa 1.20 ni ampia 7.2. Koneta ile hupitisha volti 12 kwenye pini tatu tu, na kila pini imepimiwa ampia 1.5, kwa hiyo uwezo wake wote ni ampia 4.5, sawa na wati 54. Feni zake zilikuwa zikivuta wati 86, mchana na usiku. Mimi kilichonishangaza ni jinsi ilivyovumilia wiki zote hizo.

Kosa hili nalielewa linakotoka. Mtu anayejenga mashine ya kuchimba huwa amekesha akipiga hesabu za kadi za GPU, maana ndizo zinazokula umeme na ndizo zinazoleta hela. Feni huja mwishoni, kadi zinapoanza kuchemka. Na siku hizi huja kwa wingi zaidi: sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizokuwa zimefanya kazi miaka bila kulala zilimwagika sokoni kama mitumba. Feni zake zenyewe zimechoka, basi mnunuzi huziongezea nyingine za nje.

Sasa, feni si feni tu. Ile ya kawaida ya kompyuta, yenye upana wa milimita 120 na unene wa 25, hula ampia 0.1 hadi 0.3. Zile nene za milimita 38, zinazotolewa kwenye seva au kwenye mashine kuukuu za kuchimba kama Antminer S9, huvuka ampia moja na nyingine hupita mbili. Ukizitazama kwa mbele zinafanana, kwenye waya zinapishana mara kumi. Tena mwanzoni, panga likiwa bado limesimama, feni huvuta zaidi ya inavyovuta ikishashika kasi. Kwa hiyo mahali unapochomeka lazima pawe na nafasi ya ziada.

Tuanze na madabodi. Kile kichwa chake cha pini nne za feni kwa kawaida kinaruhusu ampia 1, yaani wati 12. Feni tatu za ampia 0.3 zinakaribia kikomo hicho. Ya nne inakupeleka 1.2, na njia ya shaba iliyochapwa kwenye bodi ni nyembamba kama uzi. Ikiungua, umeua madabodi kwa kuokoa bei ya koneta. Feni moja nene haifai kukaa hapo hata ikiwa peke yake. Hizo zipelekwe moja kwa moja kwenye pawasaplai, kwenye ile koneta nyeupe ya pini nne kubwa za duara tunayoiita moleksi. Pini zake ni nene na hubeba mzigo mkubwa zaidi. Hata hivyo, usizipange feni zote kwenye mkia mmoja kama samaki kwenye kamba. Zigawe kwenye nyaya mbili au tatu zinazotoka ndani ya pawasaplai kila mmoja kivyake.

Ukikagua, anza na maungio kabla ya waya. Joto huzaliwa pale pini inapogusana na pini, na hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: ongeza ampia mara mbili, joto la pale linakuwa mara nne. Pini iliyolegea, au iliyoshika kutu, mguso wake ni mdogo na ukinzani wake ni mkubwa. Sisi wa pwani tunajua chumvi ya upepo inavyofanya bawaba za madirisha; ndivyo inavyofanya pini. Nikinunua adapta ya kugeuza moleksi kuwa koneta ya hadidiski, huwa naikwepa ile iliyomiminiwa plastiki ikawa kipande kimoja. Ndani yake nyaya zinaweza kusogeleana bila wewe kuona. Nachukua ile ambayo kila pini imebanwa kwenye tundu lake na unaweza kuikagua kwa nyuma.

Halafu kuna mtego wa rangi. Kwenye moleksi, waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, nyaya mbili nyeusi ni hasi. Kwenye feni nyingi za nyaya tatu, mwekundu ndio volti 12 na wa njano ni wa kupeleka taarifa ya kasi. Fundi mgeni huunga nyekundu kwa nyekundu na njano kwa njano, akaridhika kwamba rangi zimekubaliana. Feni inapata volti 5 inasuasua, na waya wa taarifa unapigwa volti 12. Wengine, wakitaka feni ipunguze kelele, huiunga kati ya njano na nyekundu ili ipate volti 7. Ujanja huo ni wa zamani na mimi siupendi, maana feni ikipiga shoti, volti 12 zinaingia kwenye njia ya volti 5, na chochote kilichokaa pale kinakufa.

Na zile adapta za kamera za ulinzi na ving'amuzi, zilizojaa droo za kila nyumba? Zinafaa, kwa masharti. Kwenye kibandiko, upande wa kutoa umeme, paandikwe DC. Zipo zinazotoa volti 12 za AC, na hizo huua feni hizi. Mchoro mdogo wa duara uonyeshe kwamba katikati ya plagi ni chanya. Adapta ya ampia 2 usiipe mzigo unaozidi 1.5. Lakini hata ukitimiza yote hayo, bado kuna tatizo: adapta na pawasaplai ni watu wawili tofauti. Adapta ikifa saa nane za usiku, kadi hazina habari, zinaendelea kuchimba huku hewa imesimama. Feni ipate umeme wake kwenye pawasaplai ileile inayowasha kile inachokipoza, ili zikizimika zizimike pamoja. Mwenye pawasaplai mbili kwenye mashine moja afuate hivyohivyo, na asiunganishe kamwe nyaya za volti 12 za pawasaplai moja na za nyingine. Zile nyaya zinazochomoka nazo zisiazimwe: koneta inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye pawasaplai ya kampuni nyingine ilhali mpangilio wa pini za ndani ni mwingine.

Antminer S9 ina somo zuri hapa. Bodi yake ya kuongoza husoma waya wa taarifa wa kila feni, na isipopata jibu hugoma kuchimba. Watu wakabuni kijibodi kidogo cha kudanganya kwamba feni ipo na inazunguka. Wanaozamisha mashine kwenye mafuta ya kupoza wana sababu ya kukitumia. Wewe unayepoza kwa hewa huna. Ukikichomeka umemziba mdomo mlinzi. Hata vigawanyio vya kuchomeka feni nyingi pamoja vina kasoro ya namna hiyo: kwa kawaida hupeleka taarifa ya feni moja tu. Nyingine zikisimama, kompyuta haijui.

Tena waya wa taarifa peke yake hautoshi, lazima pawe na mtu. Huko Luviro, mashariki mwa Kongo, Hifadhi ya Taifa ya Virunga imekuwa ikichimba bitcoin ndani ya makontena kwa umeme wa maji, na mitambo ya namna hiyo huhitaji mtu wa kuangalia hewa inaingia wapi na inatokea wapi. Nyumbani mtu huyo ni wewe.

Upande wa ukutani nitapita haraka. Plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13 kwa volti 230 ni kama wati 2,990 kwa karatasi. Kwa mzigo usiolala, bakia chini ya asilimia 80. Ekstensheni iliyozungushwa kwenye gurudumu lake ikunjuliwe yote, kwa sababu ikikaa imejiviringa inajipika yenyewe. Waya wa ethi uwe hai, na fremu ya chuma iungwe nao.

Yule kijana tulimgawia feni zake kwenye nyaya tatu, mbilimbili, ampia 2.4 kila waya. Kisha tukapunguza kasi. Nguvu inayoliwa na feni hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ukiishusha hadi nusu, hewa inapungua nusu lakini umeme unashuka hadi kama sehemu moja ya nane. Feni sita zinazokwenda pole zikampa hewa ya kutosha, na mama yake akapata usingizi.

Tukaiacha ikifanya kazi saa nzima. Nikazipitia koneta moja moja kwa mgongo wa kidole: vuguvugu sawa, ya kunifanya nirudishe kidole si sawa. Mwisho nikachomoa feni moja makusudi, tukakaa tukiangalia nyuzi za joto zikipanda kwenye skrini. Kwa dakika mbili hivi hakuna aliyesema kitu. Kadi iliyo karibu nayo ilipofika kikomo tulichoiwekea ikajizima yenyewe, na nikairudisha feni mahali pake.