Fedha ya Simu: Inakwendaje, na Nani Anafaidika

Wanachama wengi, hasa wa upande wa Pemba, wametuomba tueleze habari za fedha ya simu, kwa kuwa katika mkutano ujao litatolewa shauri la kuwalipa wachumaji kwa njia hiyo badala ya noti. Wako wanaoona ni jambo jema, na wako wasemao fedha isiyoshikwa mkononi si fedha. Hatuandiki haya kumvuta mtu upande huu wala ule. Twataka kila mwanachama anyanyue mkono wake siku hiyo akijua anakubali nini au anakataa nini.

Tuanze kwa mfano. Tuseme mwenye duka mmoja wa Wete anataka magunia kumi ya maharage kutoka Rungwe Mpya, huko Kasulu, katika nchi ya vilima ya Kigoma. Kutoka Wete mpaka huko ni safari ya bahari hadi Unguja, bahari tena hadi Dar es Salaam, reli ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma, kisha barabara ya kupanda milimani. Zamani Waha waliotoka nchi hiyo kwenda kukata mkonge Tanga walipeleka mishahara yao nyumbani kwa hawala ya posta, au walimkabidhi ndugu anayerejea. Ndugu akiugua njiani, au akizila, basi tena. Leo mwenye duka wetu anabonyeza simu yake, na mkulima wa Rungwe Mpya anapata ujumbe kabla chai haijapoa.

Je, ni kitu gani kilichosafiri? Hapana kitu. Na hapa wazee wetu watafahamu upesi kuliko vijana, kwa sababu wao waliijua hawala. Tajiri wa Unguja alipokea fedha zako, akamwandikia mwenzake wa Maskati au Bombay, na yule akamlipa jamaa yako kutoka katika sanduku lake mwenyewe. Wenyewe kwa wenyewe wakalipana baadaye, kwa bidhaa au kwa hesabu ya vitabuni. Rupia hazikupanda jahazi. Kilichopanda ni barua, na nguvu ya barua ni jina la aliyeiandika.

Fedha ya simu ni hawala ile ile, ila tajiri ni kampuni, na kitabu chake ni kompyuta. Mwenye duka anampa wakala wa Wete noti. Wakala huyo alikwisha kununua kwa kampuni, kwa fedha yake mwenyewe, akiba ya kufanyia kazi ambayo wenyewe huiita floti. Anachukua noti zako, floti yake inapungua, salio lako linaongezeka. Unapotuma, salio lako linapungua na la mkulima linaongezeka. Mkulima anapokwenda kwa wakala wa kwao, salio lake linapungua, floti ya wakala yule inaongezeka, na noti zinatoka katika droo yake. Noti za Wete zimebaki Wete, na za Rungwe Mpya hazikutoka Rungwe Mpya.

Na kama kampuni ikifilisika? Hili ndilo swali tuliloulizwa zaidi. Kampuni hairuhusiwi kuzitumia fedha hizo kwa biashara yake. Kwa kila shilingi iliyomo katika simu za watu, lazima iwepo shilingi benki katika akaunti ya amana, mbali na mali ya kampuni. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 ndiyo iliyoyatia mambo haya chini ya Benki Kuu ya Tanzania kwa nguvu ya sheria. Amana hiyo huzaa faida benki, na mwaka 2014 kampuni ya Tigo ilianza kuwagawia wateja wa Tigo Pesa sehemu yake. Wanachama wanaotia shaka juu ya faida hiyo kwa sababu ya dini wawaulize maulamaa. Ofisi hii haitoi fatwa.

Hatari iliyo karibu zaidi na sisi ni droo ya wakala. Katika msimu wa karafuu watu wote hutaka noti siku moja. Wakala wa kijijini akiishiwa, salio lako lipo salama, lakini mchele hununui, isipokuwa mwenye duka naye akubali kulipwa kwa simu. Jambo hili halionekani Darajani mjini, ambako mawakala wamepangana kama maduka ya kanga. Linaonekana shamba.

Sasa tutazame biashara yenyewe ilivyogeuka, maana ndiko kwenye somo. Mwaka 2005, huko Thika nchini Kenya, palifanywa majaribio ya kuwawezesha watu waliokopa kurudisha mikopo yao kwa simu. Waliopewa simu wakaitumia wapendavyo: wakatumiana fedha wao kwa wao, na wengine wakaziweka humo kabla ya safari wasiibiwe njiani. Kampuni ikaona biashara iliyo kubwa ni hiyo waliyoizua watu. Safaricom ikaifungua M-Pesa Machi 2007. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania, na mwaka huo huo Zantel, kampuni iliyoanzia kwetu Zanzibar, ikatoa Z-Pesa. Mwanzoni kila mtandao ulikuwa kisiwa peke yake, lakini tangu 2014 ukaanza kuunganishwa na mwingine, na Vodacom nayo ikaingia mwaka 2016.

Kampuni iliyokuwa ikiuza maneno kwa dakika ikawa mpeleka fedha. Mwenye duka la sabuni na mafuta ya taa akawa dirisha la benki. Na benki, ambazo hazikuona faida ya kufungua tawi Rungwe Mpya wala Micheweni, zikawa watunza amana nyuma ya pazia. Mapato ya kampuni katika kazi hii ni ada: huchukua kidogo unapotuma na unapotoa, na wakala hupata fungu lake humo. Serikali nayo iliingia tarehe 15 Julai 2021 kwa tozo ya miamala. Watu walilalamika sana, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka huo, na baadaye ikazidi kulegezwa.

Ada hizi haziwaelemei watu sawasawa. Fedha ndogo hulipa sehemu kubwa zaidi kuliko fedha nyingi. Mchumaji hulipwa kwa pishi alizochuma, na ujira wake wa siku si mkubwa. Ukimtumia kila jioni, naye akautoa kila jioni, mwisho wa wiki ada zimemla pishi kadhaa ambazo kazichuma kwa mikono yake juu ya mkarafuu. Zaidi ya hayo, wachumaji wengi ni wanawake, na si kila mmoja ana simu yake. Ujira ukienda katika simu ya mume au ya kaka, aliyechuma ni mmoja na aliyepokea ni mwingine. Wanaume wenzetu wasikasirike. Tunaandika tunayoyaona mashambani.

Lakini faida nayo tusiifiche. Mwenye shamba hatembei tena na bahasha ya noti njia ya mikarafuuni wakati wa magharibi. Kila malipo yana ujumbe wenye siku, saa na kiasi, na ugomvi wa "ulinipa" na "hukunipa" unapungua. Mchumaji aliyetoka mbali anaweza kupeleka matumizi nyumbani siku hiyo hiyo.

Limebaki jambo moja, nalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote: mkopo. Kampuni ikikaa na kitabu chako miaka mitatu inajua mengi. Inajua fedha zako huingia lini, huisha lini, na nani hukutumia. Kwa habari hizo inaweza kukadiria kama utalipa, ikakukopesha bila kuuona mkarafuu wako hata mmoja. Kenya walianza M-Shwari Novemba 2012, na Tanzania ikafuata M-Pawa mwaka 2014. Babu zetu waliweka rahani mashamba kabla ya karafuu kuiva, na madeni yakafika hata serikali ya mwaka 1934 kutoa amri za kuzuia mashamba yasihamie kwa wadai bila idhini. Siku hizi rahani ni habari zako.

Hesabu yake ifanywe kwa karatasi. Tuseme umekopa shilingi 100,000 kwa siku 30, na gharama yake ni 10,000. Karafuu hazijaiva, kwa hiyo unalipa ile 10,000 tu na kusogeza deni mwezi mwingine. Ukifanya hivyo mara sita umetoa 60,000, na ile 100,000 bado iko pale pale. Tena hao ni wakopeshaji wenye leseni. Wako wengine ambao hupenya kwa programu za simu, wakasoma majina yote uliyoyahifadhi humo, na ukichelewa wakawapigia jamaa na majirani kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina 69 ya wakopeshaji wa namna hiyo wasio na leseni. Kabla hujakopa, uliza leseni.

Neno fupi juu ya matapeli. Namba ya siri asiijue mtu, hata mwanao anayekusomea ujumbe. Na anayekupigia kusema amekosea, kakutumia fedha, umrudishie, usimrudishie kwa mkono wako. Tazama salio kwanza, kisha mwache aende kwa kampuni yake.

Shirika la ZSTC, mnunuzi wa karafuu zetu, lina taratibu zake za kulipa, nazo hazimo katika shauri hili. Shauri ni la malipo baina ya wenye mashamba na wachumaji. Mambo matatu yatapigiwa kura: kama malipo ya simu yawe ya hiari kwa kila mchumaji, kama yafanywe kwa wiki badala ya kila jioni, na ada ya kutoa ibebwe na nani. Asiyeweza kufika aandike maoni yake, ayapeleke kwa karani wa tawi lake kabla ya siku ya mkutano. Suala la ada litawekwa la kwanza, kwa kuwa juu yake barua zimekwisha kuanza kuja.