TUMLILIE NA MPIGA BESI

Desturi ya watu wa Delta ya Rufiji haimbagui maiti. Mgeni akifikwa na mauti katika kisiwa chochote cha Maparoni, hata kama kwao hakujulikani, wenyeji humwosha, humkafini, humsalia na kumzika, kisha hupatikana mtu wa kupanda mashua kupeleka habari bara ili jamaa zake watafutwe. Jambo la kwanza linaloulizwa ni jina lake. Watu huona haya kumlaza mtu mchangani bila ya kujua aliitwa nani.

Lakini wapenzi wa muziki wa dansi, ambao ni watu hawa hawa wa desturi hii njema, katika misiba ya wanamuziki wao hubagua. Mwimbaji akifa, nchi nzima huinama. Mpiga gitaa la solo akifa, habari huenea kutoka Kibiti hadi Kigoma. Mpiga besi akifa, hulia mkewe, watoto wake na wenzake wa jukwaani. Tunapenda kulisema jambo hili wazi, kwa sababu katika siku hizi ambapo nyimbo za zamani zimerudi kwa nguvu vijiweni na katika vyombo vya usafiri, kuna haki za watu zinazopotea ndani ya kilio chetu wenyewe.

Tuanze na msiba ambao wazee wa kwetu hawajausahau. Mnamo Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki huko Mombasa kwa ajali ya gari. Huyu alikuwa mtoto wa Mkoa wetu wa Pwani, mzaliwa wa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944. Aling'ara akiwa na Morogoro Jazz, akafika nayo Osaka, Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1970, na mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Alikufa akiwa na umri wa miaka 34 tu. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na haukufunguliwa hadi 1983, lakini huzuni haikuhitaji hati ya kusafiria: walilia Mombasa na Nairobi, wakalia Morogoro na Dar es Salaam. Wala hakuwa wa kwanza kutoka mji ule kufa kifo cha namna ile. Salum Abdallah wa Cuban Marimba naye alichukuliwa na ajali ya gari mwaka 1965.

Wazee wa Maparoni wanasimulia kwamba siku hizo redio moja ilihudumia kitongoji kizima. Betri zilianikwa juani pamoja na samaki ili zipate nguvu ya kufikia taarifa ya habari ya jioni. Aliyekuwa katika dungu akilinda mpunga wake dhidi ya ndege alizipata nyimbo za Mbaraka kwa kuletewa na upepo. Watu wa namna hii hawakupata kuliona jukwaa, wala taa za rangi, wala viatu vya mwanamuziki. Walichokuwa nacho ni sauti, na sauti ile ilipokatika wakaona wamefiwa. Wako wasomi wanaodhani kwamba mapenzi haya ni upuuzi wa vijana wa mjini. Na waje wakae na mvuvi mwenye umri wa miaka 70 anayeweza kuimba "Shida" bila ya kukosa neno.

Sasa muulize mvuvi huyo: nani alipiga besi? Atakutazama kama uliyemuuliza jina la aliyechonga kasia.

Katika bendi zetu za miaka ile magitaa yaligawana kazi. Liko gitaa la solo ambalo husemezana na mwimbaji. Liko la rizimu ambalo hujaza katikati. Na zipo bendi zilizoongeza la pili la solo. Besi, lenye nyuzi nne nene, hukaa chini ya yote, likaifunga ngoma na magitaa katika mwendo mmoja. Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa sana, maana katika ngoma zetu za asili vumi hufanya kazi hiyo hiyo. Chapuo hucheka na kurukaruka, lakini vumi likinyamaza wachezaji hujikwaa. Wimbo ukiingia katika chemko, pale wachezaji wanapoacha kusikiliza maneno na kuanza kutoka jasho, miguu humfuata mpiga besi, ingawa macho yanamtazama mwenye solo.

Kwa nini basi asijulikane? Sababu kubwa, kwa maoni yetu, ni namna muziki ulivyotufikia. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki mali ya redio. Mtangazaji alitaja wimbo, bendi, na pengine mtunzi au mwimbaji. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo santuri zilitoka Kenya, na katika ile karatasi ndogo ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani mlikuwa na nafasi ya jina la wimbo, la bendi na la mtunzi. Wimbo wenyewe mara nyingi ulikatwa vipande viwili, maneno upande wa kwanza na chemko upande wa pili. Katika huo upande wa pili, ambao ulikuwa ufalme wa mpiga besi, jina lake halikuandikwa.

Wenzetu wa mbali walifanya vingine. Tarehe 27 Juni 2015 alifariki huko Arizona, Marekani, Mwingereza aitwaye Chris Squire, akiwa na umri wa miaka 67, kwa saratani ya damu. Alikuwa mpiga besi wa bendi iitwayo Yes, ambayo yeye alikuwa miongoni mwa waasisi wake mjini London mwaka 1968. Muziki wao ni roki ya aina ngumu kidogo, yenye nyimbo ndefu. Upo mmoja wa mwaka 1972 unaojaza upande mzima wa santuri kubwa. Hatuuleti hapa ili vijana wa Maparoni wauige. Tunautaja kwa sababu mpiga besi yule alililiwa na mashabiki wa mabara mengi kwa jina lake. Walijua hata chapa ya gitaa lake, Rickenbacker. Walijua kwamba mpaka siku anakufa yeye peke yake ndiye aliyepiga katika kila santuri iliyotolewa na bendi hiyo. Walijua pia kwamba alipougua, pengo lake lilijazwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, Billy Sherwood. Waliyajua hayo kwa kuwa majalada ya santuri zao yaliorodhesha kila mtu na chombo chake, kuanzia siku za mwanzo kabisa. Hatuoni kwamba wana mapenzi makubwa kuliko yetu. Wao waliandikiwa, na sisi hatukuandikiwa.

Hatuna nia ya kuwabeza waasisi wa bendi zetu. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki wa Kiafrika alipata jambo ambalo mkoloni hakumpa: mshahara wa mwezi na heshima ya mfanyakazi. Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Vijana Jazz mwaka 1971. Shirika la Maendeleo Dar es Salaam likawa na Mlimani Park mwaka 1983. Polisi, magereza na majeshi nao wakawa na bendi zao. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na mpiga besi aliyeacha kazi aliliacha na gitaa. Mpango huo ulifaa kwa muda wake. Lakini mshahara hukoma siku kazi inapokoma, na nyimbo haziachi kupigwa.

Marijani Rajab, ambaye wapenzi walimwita Jabali la Muziki, aliyeongoza Safari Trippers na kisha Dar International, alimaliza miaka yake ya mwisho bila ya bendi, akiuza kanda za muziki ili apate riziki. Alifariki mwaka 1995. Nishani ya Taifa alitunukiwa mwaka 2012, naye yuko kaburini miaka 17. Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, alistaafu mwaka 2013 baada ya kuimba kwa zaidi ya nusu karne, na jambo lililowashangaza watu ni kwamba hakuwa na gari. Kijana Diamond Platnumz akampa moja. Aprili 2014 Gurumo alifariki. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya majabali wenyewe, waliotajwa majina kila siku redioni, msomaji apime mwenyewe hali ya mtu aliyesimama nyuma karibu na ngoma.

Hapa ndipo inapotubidi kusema na ndugu zetu wa msikitini, kwa kuwa katika Delta hakuna msiba usiopita kwao. Kila anapofariki mwanamuziki huzuka ubishi ule ule. Vijana hutaka kupiga nyimbo za marehemu usiku kucha, wakidai ndiyo heshima. Baadhi ya wazee hukataza, wakisema kwamba kila wimbo unaopigwa unamwongezea maiti mzigo, na kwamba la kumfaa ni hitima na dua. Sisi tuliokaa chuoni kwa maalimu kabla ya kukaa darasani hatuthubutu kutoa fatwa katika suala hili, na wanaolijua kwa undani wapo. Tunachokumbuka vizuri ni somo la mirathi. Maiti akizikwa, kabla ya warithi kugawana chochote, madeni yake hulipwa. Na yale anayowadai watu? Hayo ni sehemu ya mali aliyoiacha, ni haki ya warithi wake, na kama warithi ni watoto wadogo, mali hiyo ni mali ya yatima. Kila aliyesoma juzuu mbili anajua onyo lililotolewa kwa mlaji wa mali ya yatima.

Basi mwenye hoteli anayevuta wateja kwa nyimbo za marehemu, mwenye basi la Dar es Salaam hadi Kibiti anayezipiga safari nzima, mwenye kibanda anayewajazia watu nyimbo 100 katika simu kwa malipo, wote hawa wajiulize kama hawamo katika orodha ya wadaiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, haikumtambua mtunzi pekee. Hakishiriki inamhusu pia aliyepiga na aliyeimba. Haki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Mbaraka Mwinshehe hesabu hiyo inafika mwisho wa mwaka 2029. Siku si nyingi.

Ugumu ni kwamba haki ya mpiga besi haiwezi kudaiwa na mtu asiyejulikana kuwa alipiga besi. Mjane akienda ofisini akasema mume wangu alipiga katika wimbo huu, ataulizwa ushahidi, na ushahidi haumo katika karatasi ya santuri, wala mtangazaji hakuutaja. Umo vichwani mwa wazee, na wazee wanapungua. Ndiyo maana tunaona kwamba kazi ya mpenzi wa muziki siku ya msiba ingekuwa kukaa na wanamuziki waliobaki na kuandika: wimbo gani, mwaka gani, nani alishika chombo gani. Shirika letu la utangazaji, lenye hazina ya kanda za Radio Tanzania, lingefanya jambo la maana kama watangazaji wake wangesoma majina hayo kila yanapopatikana. Kutaja majina matano hakuchukui hata nusu dakika.

Watu wa Delta tuna sehemu yetu maalumu katika kazi hii. Kabla ya NUTA Jazz, mji wa Dar es Salaam ulikuwa na bendi zilizobeba majina ya walikotoka watu wake: Western Jazz ya watu wa Tabora, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, Ulanga Jazz, na Rufiji Jazz. Gurumo mwenyewe alipita Rufiji Jazz na Kilwa Jazz kabla ya kuingia NUTA. Bendi hiyo ilibeba jina la mto huu unaotumwagia udongo mashambani na kutukuzia mikoko, na bado ukiuliza leo vijiweni, ni wachache wanaoweza kutaja watu watatu waliopiga ndani yake.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo. Mzee yeyote wa Maparoni, Mbuchi, Kiongoroni, Salale au Msala anayekumbuka jina la mtu aliyepiga besi, tumba au rizimu katika Rufiji Jazz, au aliyekuwa na ndugu katika bendi hiyo, amweleze mwalimu wa shule iliyo karibu ayaandike, pamoja na jina la kijiji na la warithi waliopo. Walimu wengi hushuka Nyamisati mwisho wa mwezi, na karatasi hizo zinaweza kuja nao hadi meza ya mhariri. Afadhali zije kabla ya masika, maana mvua zikishika njia ya Kibiti huharibika, na mashua nyingi hungoja bamvua ndipo ziondoke.