Kifuniko cha Soda Ndicho Kinachopima Lori

Wengi wanaojaribu kuunda lori dogo kwa vitu vilivyotupwa nyumbani huanza na kichwa cha lori, kwa kuwa ndicho kinachovutia macho. Hukata katoni, hukunja, hupaka rangi, halafu ndipo hutafuta magurudumu. Hapo kazi huharibika. Kichwa kimeshakuwa kikubwa, vifuniko vilivyopatikana ni vidogo, na lori linaonekana kama limezama kwenye matope. Kazi hii yafaa ianzie chini. Kifuniko kimoja cha chupa kinaweza kuamua ukubwa wa kila kitu kitakachokaa juu yake.

Kware, katika eneo bunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili kwa sababu malori yenyewe hayako mbali. Bohari ya makontena ya Embakasi, iliyofunguliwa mwaka 1984, iko upande huo huo wa jiji, na Barabara ya Mombasa vilevile. Mitaani humo matipa huleta mchanga na kokoto kwenye maghorofa yasiyokwisha kujengwa, na malori ya maji huingia mifereji inapokauka. Anayetaka kujua matairi ya nyuma yamepangwaje, au kichwa kinashikana vipi na trela, hahitaji picha. Anahitaji tepu ya fundi wa nguo na ruhusa ya dereva aliyeegesha.

Tepu hiyo ina kazi kubwa kuliko rangi. Lori dogo hufanana na la kweli pale ambapo kila kipimo kimegawanywa kwa namba moja ile ile. Namba hiyo ndiyo uwiano. Anayenunua vipande vya kiwandani huikuta imeshachaguliwa. Malori ya rimoti ya kampuni ya Tamiya ya Japani, kwa mfano, ni ya uwiano wa 1:14, na kila kipande kimetengenezwa kuufuata. Anayetegemea vitu vya kutupwa hachaguliwi namba hiyo na mtu. Katoni anaweza kuikata apendavyo, waya anaweza kuupinda, bati anaweza kulikunja. Kinachomshinda mkono wake ni duara kamili, tena maduara mengi yanayolingana. Kwa hiyo duara huokotwa likiwa tayari, na namba hutoka humo.

Tufanye hesabu. Tairi la lori kubwa lenye maandishi 315/80 R22.5 ubavuni lina kipenyo cha karibu milimita 1,076. Kifuniko cha plastiki cha chupa ya soda kina karibu milimita 30. Ukigawanya unapata karibu 36. Basi lori hili ni la 1:36, upende usipende. Kontena la futi 40, lenye urefu wa mita 12.19, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59, litakuwa na urefu wa sentimita 34, upana wa karibu sentimita 7 na kimo cha sentimita 7.2. Vipimo hivyo vikishaandikwa kwenye karatasi, mkasi unaweza kutoka mfukoni.

Sasa tazama matairi 22. Trela ya kawaida yenye ekseli tatu, ikivutwa na kichwa chenye ekseli tatu, ina matairi mawili mbele, manane chini ya mgongo wa kichwa, na 12 chini ya trela. Yale 20 ya nyuma yamepangwa pacha pacha, na pacha moja ina upana wa karibu sentimita 66. Gawanya kwa 36: milimita 18. Vifuniko vingi vya soda vina kimo cha kati ya milimita 15 na 20. Kwa hiyo kifuniko kimoja ni pacha nzima, na vifuniko kumi vinamaliza nyuma yote. Vya mbele viwili hukatwa hadi nusu ya kimo. Jumla ni 12. Pete zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli zikivutwa juu ya kifuniko hubana zenyewe, na pete mbili zenye mwanya kati yake hulionyesha lile pengo la matairi pacha. Mpira huo huongeza kama milimita moja kila upande, na namba hushuka hadi karibu 34. Jicho haliioni tofauti hiyo. Kitakachoonekana ni fundi kutumia 36 mbele na 34 nyuma.

Katoni nayo ina siri yake. Kuta za kontena zimekunjwa mawimbi, na kutoka wimbi hadi wimbi ni kama sentimita 28. Kwa 1:36 hizo ni milimita 7.7. Ukilowesha kidogo katoni ya kawaida ya kusafirishia bidhaa na kubandua karatasi ya upande mmoja, utakuta ndani mawimbi yaliyoachana kwa karibu milimita 8. Kifuniko na katoni, vitu visivyojuana, vimekubaliana. Kasoro iko kwenye kina: mawimbi ya katoni yana milimita tatu na nusu hivi, ilhali yanatakiwa kuwa na moja. Yakandamizwe kwa rula kabla ya kupakwa rangi.

Unene ndio huwasaliti hata mafundi wazuri. Katoni ya milimita nne kwa 1:36 ni sawa na sentimita 14 za kweli, kwa hiyo mlango uliokatwa humo ni mnene kama ukuta wa nyumba. Boksi la dawa ya meno, lenye chini ya nusu milimita, linafaa zaidi kwa kichwa cha lori. Mkebe wa soda ni mwembamba zaidi na hukunjika vizuri kwa bampa na tangi la mafuta, ingawa makali yake hukata vidole. Kijiti cha aiskrimu, chenye upana wa karibu sentimita moja, hukaribia kimo cha boriti ya chasisi. Chupa ya maji hutoa vioo.

Anayetaka lori kubwa zaidi abadili gurudumu kwanza. Ndala zilizochakaa hukatika duara la ukubwa wowote, lakini unene wao, unaokaribia sentimita moja na nusu zikiwa bado nzima, unalingana na upana wa tairi kwa 1:20. Kontena sasa lina urefu wa sentimita 61, na mawimbi ya katoni yamekuwa madogo mno kwake; itabidi bati likunjwe kwa mkono, mstari baada ya mstari.

Gundi nayo ina sheria zake. Plastiki ya vifuniko na ya madebe ya mafuta haishiki supaglu; kiungo kitaachia siku ya kwanza. Huko hutumika msumari uliopashwa moto kutoboa tundu katikati, na spoku ya baiskeli kama ekseli. Karatasi hushikwa vyema na gundi ya unga, ambayo pia haina mvuke wa kulevya kama gundi ya viatu.

Magari ya waya yamechezewa Afrika Mashariki kwa vizazi, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji wamegeuza mapipa kuwa masanduku na majiko kwa miaka mingi. Sanduku, hata hivyo, likizidi sentimita mbili bado ni sanduku. Lori la mfano likizidi kiasi hicho limeshakosea, kwa kuwa lina mkubwa wake barabarani wa kulinganishwa naye.

Hilo ndilo walimu wa mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC), ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, wangeweza kulitumia wanafunzi wanapoleta vitu walivyounda kwa malighafi za nyumbani. Badala ya kutuza rangi, mwalimu achukue rula, apime mlango wa lori, azidishe kwa 36. Ukitoa mita moja na nusu, mwanafunzi amehesabu. Ukitoa mita tatu, lori hilo linaendeshwa na jitu, na mwanafunzi arudi kwenye kifuniko chake akagawanye upya.