UNAJENGA KWA HELA YA MTANDAONI? CHAGUA DIRISHA KWA AKILI YA BIASHARA



Leo tunaacha kidogo mambo ya kupost na kufunga mizigo. Najua wengi wenu hapa Ipogolo, na wengine Mafinga, Makambako mpaka Mbeya, mmeanza kujenga kwa faida ya hizi hizi simu. Boma limesimama, bati limepanda, sasa swali linakuja: niweke madirisha gani? Na ule mlango mkubwa wa kioo wa kuslaidi, wa kutoka sebuleni kwenda barazani, niweke au niachane nao?

Usilichukulie kirahisi. Muuzaji wa mtandaoni nyumba yake ndiyo duka, ndiyo stoo, ndiyo studio ya picha. Ukikosea dirisha umekosea na biashara.

Mimi nilikosea. Niliweka vioo vya tinti ya kahawia nyumba nzima kwa sababu ya jirani kaweka na nje yanapendeza. Fundi hakunidanganya, mimi ndiye sikuuliza. Nikaanza kupiga picha za magauni ndani. Gauni jeupe kwenye picha likawa krimu. Mteja akaagiza "lile la krimu", akapokea jeupe. Akaniita tapeli! Nikarudisha hela na nauli ya mzigo juu. Haikuishia hapo. Vitenge nilivyopanga rafu inayotazama dirisha la magharibi vikapauka kwenye mikunjo. Nani atanunua kitenge chenye mstari mweupe katikati?

Basi yasikukute. Zingatia haya:

1. ANZA NA JUA, KIOO BAADAYE

Sisi tuko kusini mwa ikweta, kama nyuzi 8 hivi. Kuanzia mwezi wa 3 mpaka katikati ya mwezi wa 10, jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki linahamia kusini, ila linakuwa juu sana karibu na utosi, kwa hiyo paa lililotokeza futi 2 linatosha kulizuia dirishani mchana.

Maana yake kwako ni hii:
- Kaskazini: weka sebule na ule mlango mkubwa. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya Iringa ikikaza, jua linapita chini ya paa na kukupashia nyumba bure.
- Kusini: hapa ndipo chumba cha picha. Sehemu kubwa ya mwaka mwanga unaingia mpole, bila jua kali la moja kwa moja, na nguo haiweki vivuli vikali.
- Magharibi: dirisha dogo tu. Jua la saa kumi jioni linaingia chini chini mpaka ukutani. Stoo ya nguo, vipodozi au vyakula usiielekeze huku.
- Mashariki: pazuri kwa jiko na vyumba vya kulala, asubuhi panachangamka mapema.

Kama boma lako limeshasimama na huwezi kugeuza kitu, badilisha matumizi ya vyumba. Hiyo haina gharama.

2. UKUBWA

Kipimo cha haraka: eneo la dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha futi 10 kwa 12 ni futi za mraba 120, kwa hiyo unahitaji angalau 12. Dirisha la futi 4 kwa 4 linakupa 16, umevuka. Chumba cha picha ongeza zaidi ya hapo.

Ila kumbuka, dirisha la kuslaidi la vioo viwili linafunguka nusu tu. Futi 5 za upana, hewa inapita kwenye futi 2 na nusu. Jikoni na stoo, ambako unataka hewa nyingi, fikiria dirisha la kufungua kwa bawaba. Hilo linafunguka lote.

3. KIOO GANI?

Chumba cha picha weka kioo cheupe kisicho na rangi. Hapo hakuna mjadala! Ukitaka faragha, pazia jeupe jepesi linatosha, tena linalainisha mwanga. Tinti waachie wanaohitaji kupunguza jua la magharibi. Bafuni weka kioo cha maua.

Mlango mkubwa wa barazani usiweke kioo cha kawaida, hasa kama una watoto. Omba kioo kilichoimarishwa kwa joto, kile ambacho kikivunjika kinasambaratika vipande vidogo vidogo, siyo mapanga. Kioo hiki kikishatengenezwa hakikatwi tena, kwa hiyo vipimo viwe vya mwisho kabla ya kuagiza.

4. FREMU

Aluminiamu haiozi wala haihitaji rangi kila mwaka. Mbao inapendeza, na kwetu haiko mbali, ila iwe imekauka vizuri na imepigwa dawa. Ikiwa mbichi itapinda, na mvua ya masika itakuonyesha pa kupitia.

Kwenye aluminiamu usiangalie rangi tu. Gusa. Bonyeza uone kama bomba ni jembamba linalobonyea. Sukuma uone kama magurudumu yanateleza. Angalia raba na brashi za pembeni, maana hizo ndizo zinazozuia upepo wa huku na vumbi la barabara kuu. Angalia na vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini. Visipokuwepo, maji ya mvua yataingia ndani, na mzigo uliouweka chini ukisubiri kwenda stendi utalowa.

5. USALAMA

Una stoo ndani, na picha zako zinatangaza ulichonacho. Weka grili kwenye madirisha yote. Ila kila chumba cha kulala grili moja iwe ya kufunguka kwa ndani, na funguo ikae sehemu inayojulikana. Moto hausubiri utafute fundi. Mlango wa kuslaidi uwe na kitasa imara, na uongeze kipande cha mbao au bomba ndani ya reli ya chini usiku. Ni cha bei ndogo na mwizi hakipendi.

6. VIPIMO NA MALIPO

Fundi apime baada ya plasta, siyo kabla. Upana apime juu, katikati na chini, achukue kile kidogo. Apime na kona kwa kona. Zikitofautiana, tundu limepinda, lirekebishwe kwanza.

Halafu fanya kama unavyotaka wateja wako wafanye: kila kitu kwenye maandishi. Unene wa kioo (milimita 5 siyo 4), rangi ya fremu, neti ya mbu, siku ya kumaliza, risiti. Toa advansi, hela nyingine ibaki mpaka umemwagia maji kwa ndoo nje na ndani kumebaki kukavu.

Na kama hela haitoshi? Usinunue vibovu vyote kwa mpigo. Anza na chumba cha picha na stoo, kwingine ziba kwa mbao mpaka msimu ujao. Chumba chenye mwanga mzuri kitakusaidia kuuza, na mauzo ndiyo yatakayomalizia sebule.

Mimi vioo vya chumba cha picha nilivibadilisha. Fremu zilibaki zilezile, kioo tu. Tangu hapo jeupe ni jeupe.

Mtumie mwenzako anayejenga. Wewe dirisha lako la picha linatazama wapi?