Kukariri majibu si kujua kuzungumza

Katika nchi ambayo mtoto huanza kufundishwa Kiingereza kabla meno yake ya utotoni hayajang'oka, ni ajabu kumwona mtu mzima, mwenye cheti kizuri na kazi ya heshima, akitokwa na jasho kwa kuulizwa swali jepesi kama hili: "Unaishi wapi, na unapapendea nini mahali hapo?" Si kwamba hajui anakoishi. Wala si kwamba hana maneno ya Kiingereza ya kupaeleza. Tatizo ni kwamba tangu aingie shule ya msingi hadi amalize sekondari, hakuna mtihani wa taifa wa Kiingereza uliomtaka afungue kinywa na kujibu.

Jambo hili si la mzaha. Mnamo Julai 2021, serikali ya Kenya na ile ya Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha wauguzi wetu waliokosa ajira kwenda kufanya kazi katika hospitali za huko. Miezi michache baadaye, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wahudumu 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 pekee waliofaulu. Wako waliocheka, na wako waliokasirika wakisema kwamba Kiingereza ni lugha rasmi nchini mwetu, na kwa hivyo hapana haja ya Mkenya kutahiniwa. Hasira hiyo naielewa, lakini haimsaidii muuguzi. Kenya haimo katika orodha ya Uingereza ya nchi zinazohesabiwa kuwa wengi wa raia wake huzungumza Kiingereza, na anayetaka kazi hiyo hana budi kuthibitisha umilisi wake.

Mojawapo ya mitihani inayokubaliwa ni ule uitwao IELTS, ambao umekuwako tangu mwaka 1989. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na alama ya juu kabisa ni 9. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza humtaka mwombaji apate angalau 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Leo nitajifunga kwenye kuzungumza, hasa ile sehemu ya kwanza iitwayo mahojiano, kwa sababu ndiyo inayodhaniwa kuwa rahisi kuliko zote, na ndiyo inayofichua jinsi tulivyofunzwa.

Mtihani mzima wa kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14. Mtahini na mtahiniwa huwa wawili tu, na mazungumzo yao hurekodiwa. Mahojiano huchukua dakika nne hadi tano. Mtahini hujitambulisha, huthibitisha kitambulisho cha mtahiniwa, kisha huuliza maswali kuhusu nyumbani, kazi au masomo, na mambo ya kila siku kama vile chakula, michezo, muziki au usafiri. Baadaye mtahiniwa hupewa mada moja, dakika moja ya kujitayarisha, na nafasi ya kuzungumza peke yake kwa dakika moja au mbili. Mwishowe hufuata mjadala mzito zaidi.

Alama hutolewa kwa mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mshikamano wa mawazo, msamiati, sarufi, na matamshi. Tazama orodha hiyo kwa makini, ndugu msomaji. Hamna mahali palipotajwa ukweli wa jibu, wala hekima yake, wala utajiri wa maisha ya anayejibu. Mtahini hajali kama unaishi katika jumba la kifahari Muthaiga au chumba kimoja cha kupangisha Githurai. Anachopima ni lugha inayotoka kinywani mwako.

Wengi wa watahiniwa wetu, kwa kutolielewa jambo hili, huangukia kosa la kwanza, yaani kukariri. Nimewahi kuwasaidia wauguzi na walimu kadhaa kujiandaa kwa mahojiano haya. Kijana mmoja alinijia na daftari lililojaa majibu aliyokuwa amenakili vitabuni. Nilipomuuliza kuhusu mtaa wake, alinitolea maelezo ya mji wenye mto mtulivu, daraja la mawe na majumba ya makumbusho. Kijana mwenyewe alikuwa akiishi Kayole. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la kifo redioni, na macho yake yalikuwa yametazama dari. Nikafunga daftari lile, nikamuuliza ni nani anayeuza mboga nje ya lango lao. Alicheka. Kisha akanieleza habari za mama mmoja anayekata sukumawiki huku akisuluhisha ugomvi wa wapangaji, na kwa muda wa dakika mbili hakukwama hata mara moja. Kiingereza alikuwa nacho siku zote. Kilikuwa kimefunikwa na daftari.

Mtahini mwenye ujuzi hulitambua jibu lililokaririwa upesi, kama mpishi anavyotambua chakula kilichopashwa moto. Huacha mkondo huo na kuuliza swali jingine ambalo halimo daftarini, na hapo kasuku hubaki bila wimbo. Isitoshe, katika maelezo ya viwango vya mtihani huo, kutegemea kauli zilizokaririwa ni alama ya viwango vya chini mno. Kwa hivyo, mtahiniwa aliyetumia pesa zake kununua majibu amenunua kushindwa kwake.

Kosa la pili ni ufupi wa majibu, na hili nalihurumia zaidi kwa sababu chanzo chake ni malezi mema. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mtoto mwenye adabu hamjibu mkubwa kwa maneno mengi. Ukiulizwa na mwalimu, na zaidi ukiulizwa na mgeni, unainamisha kichwa, unajibu neno moja na kunyamaza. Adabu hiyo ni tunu, lakini katika chumba cha mtihani mtahini hawezi kuutia kimya alama. Akiuliza, "Je, unapenda kusoma magazeti?" nawe ukajibu "Ndiyo" na kutulia, hukumpa sarufi ya kupima, wala msamiati, wala mshikamano wa mawazo.

Dawa yake ni nyepesi. Jibu swali, toa sababu, kisha ongeza jambo moja mahususi. "Ndiyo, hasa ya Jumamosi, kwa kuwa siku za kazi narudi nyumbani nikiwa nimechoka. Huanza na kurasa za michezo, ingawa timu yangu hunivunja moyo kila wiki." Sentensi mbili tu, lakini ndani yake mna wakati, sababu, na kitu kinachopingana na kingine. Hiyo ndiyo sarufi inayotafutwa. Wala usizidishe: sehemu hii haihitaji hotuba. Mtahini akikukatiza, usifadhaike ukidhani umeshindwa. Anachunga saa, kwa sababu dakika zake zimehesabiwa. Na usiposikia swali, omba lirudiwe kwa heshima. Kuomba hivyo si udhaifu. Ndivyo wafanyavyo watu wanaozungumza.

Kosa la tatu ni lafudhi ya kuazima. Wako wanaoingia chumbani wakizungumzia puani, wakidhani kwamba mtahini atafurahia kusikia Mwingereza au Mmarekani wa bandia. La hasha. Kipimo cha matamshi ni kueleweka. Lafudhi ya Mkamba, Mluo au Mmijikenda haimwondolei mtu alama mradi maneno yake yasikike wazi. Anayejifanya Mwingereza hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kufikiri na kuigiza, na kwa kawaida zote mbili humshinda.

Hata hivyo, kuna jambo moja la matamshi ambalo wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kulishughulikia, nalo ni mkazo. Katika Kiswahili, mkazo huanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Kiingereza hakina kanuni nyepesi hivyo. Neno 'photograph' hukazwa mwanzoni. Likiwa 'photography' mkazo husogea hadi silabi ya pili. Likiwa 'photographic' husogea tena hadi ya tatu. Tunapoichukua kanuni yetu na kuitumia kote, msikilizaji hupotea hata kama kila sauti tumeitamka sawasawa. Aidha, Kiswahili kina irabu tano tu, ilhali Kiingereza kina nyingi zaidi, na ndiyo maana 'ship' na 'sheep' husikika kama neno moja katika vinywa vingi. Mambo haya hurekebishika kwa mazoezi ya masikio, si kwa kubana pua.

Mtahiniwa ajiandae vipi, basi? Kwanza, atafute mwenzake. Wawili wakae wakitazamana, mmoja aulize na mwingine ajibu kwa dakika tano, kisha wabadilishane. Pili, ajirekodi kwa simu yake na ajisikilize. Zoezi hili huchoma, kwani hakuna anayependa kusikia sauti yake, lakini ndilo humwonyesha pale anapokwama na lile neno moja analolirudia mara kumi. Tatu, achague mada za kawaida, kama vile mtaa, kazi, chakula, hali ya hewa na rafiki wa utotoni, na badala ya kuandika majibu ajikusanyie maneno. Anayefahamu majina ya vitu vilivyomo jikoni mwake na barabarani kwake hatakosa la kusema. Nne, azungumze kila siku. Dakika 15 kila jioni kwa miezi mitatu humfaa kuliko juma moja la kukesha.

Nawageukia sasa walimu wenzangu, kwa sababu mzigo huu si wa mtahiniwa peke yake. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza. Lakini stadi hizo hutahiniwa kwa kalamu. Mwanafunzi huandika neno linalotamkwa sawa na jingine, huonyesha mahali pa mkazo, hujaza mapengo katika mazungumzo, au hueleza kwa maandishi jinsi angejiandaa kwa mdahalo. Hapana anayemsikia. Ni sawa na kumpima mwogeleaji kwa kumtaka aandike insha kuhusu maji.

Najua sababu za mpango huo: watahiniwa ni wengi mno, na kumsikiliza kila mmoja ni gharama kubwa. Sina ugomvi na hesabu hizo. Ninachosema ni kwamba darasa si lazima lifuate mtihani katika kila jambo. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kumhoji kila mmoja, lakini anaweza kuwaketisha wawili wawili na kuwapa swali moja kwa dakika tano. Darasa litakuwa na kelele. Kelele hizo ni za kazi, na mwalimu mkuu apitaye dirishani anapaswa kufundishwa kuzitofautisha na fujo.

Halafu kuna urithi mwingine unaotutesa. Wengi wetu tunaikumbuka monto, kile kibao au kifaa kilichokabidhiwa mwanafunzi aliyenaswa akizungumza lugha ya mama, na jioni kikamletea viboko. Waliobuni adhabu hiyo walidhani wanakikuza Kiingereza. Walichokuza ni kimya. Mtoto aligundua upesi kwamba njia salama ya kutopewa monto si kuzungumza Kiingereza bali kutozungumza kabisa. Miaka 20 baadaye, mtoto huyo akiwa muuguzi hodari wa wadi ya watoto, anaulizwa anaishi wapi, na kile kimya cha zamani kinamrudia.

Huenda pakatokea mtu wa kuniuliza: Je, yafaa gazeti la Kiswahili kuhangaikia mtihani wa Kiingereza, tena wa kuwapeleka vijana wetu kuwahudumia wagonjwa wa wengine huku hospitali zetu zikiwa na uhaba? Swali la uhaba ni zito na lastahili kujibiwa na wanaoshika hazina ya taifa. Lakini maadamu kijana ameamua kwenda, ni dhuluma akwame mlangoni kwa jambo ambalo shule ingemfunza. Na kuhusu Kiswahili, sisi pia hatuna la kujivunia. Karatasi zetu tatu za Kiswahili katika KCSE huandikwa mwanzo hadi mwisho, na mwanafunzi anaweza kupata alama ya A bila kumsalimu mtu kwa lugha hiyo.

Mtaala mpya wa umilisi umekuweka kusikiliza na kuzungumza miongoni mwa stadi za kufunzwa tangu madarasa ya chini, katika Kiingereza na katika Kiswahili. Hiyo ni hatua njema, lakini mtaala ni karatasi mpaka mwalimu aupe uhai. Tuwape watoto nafasi ya kusema, kukosea na kusema tena, katika lugha zote walizojaliwa. Atakayezoea kusikilizwa darasani hatahitaji daftari la majibu ya kununua siku atakapoketi mbele ya mtahini.