Kioo cha Ukutani: Angalia Kwanza Kitaonyesha Nini

Wengi huchagua kioo kwa uzuri wa fremu, kisha hukitundika popote penye ukuta mtupu. Nawasihi mnaopamba nyumba muanze na kile kitakachokuwa mbele yake. Kioo hakichagui: kikikabili dirisha, kitakuletea anga na mti wa nje, kikikabili lundo la nguo, utakuwa na malundo mawili.

Chumba huonekana kipana kwa sababu taswira hukaa nyuma ya kioo kwa umbali uleule ambao kitu kipo mbele yake. Sebule ya upana wa mita 2.5 ikiwekwa kioo kikubwa kwenye ukuta mrefu, jicho huona kama mita 5. Kwenye ukuta mfupi wa mwisho, kioo hichohicho hurefusha kilichokwisha kuwa kirefu, na sebule hugeuka korido. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza jinsi kuta za vyumba hivyo zilivyopambwa kwa vioo vikubwa kutoka Ulaya.

Kwa mwanga, tumia ukuta unaopakana na dirisha. Kioo kinachotazamana na dirisha la magharibi hulirudisha jua la alasiri machoni mwa waliokaa kwenye kochi.

Kujiona mwili mzima, kioo cha nusu ya kimo chako kinatosha, hata ukisogea nyuma. Mwenye sentimita 170 anahitaji 85, mradi ukingo wa juu uwe katikati kabisa ya usawa wa macho na utosi.

Kioo cha unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 10 hivi kwa kila mita ya mraba. Usikitegemeze kwa msumari mmoja. Toboa ukuta, weka plagi na skrubu. Mwambaoni, yale madoa meusi ya pembeni huletwa na unyevu na chumvi vinavyokula fedha iliyopakwa mgongoni. Acha upenyo hewa ipite nyuma, na dawa ya kusafishia inyunyize kwenye kitambaa, si kwenye kioo.

Kabla ya kutoboa, mwombe mtu akishikilie mahali ulipopachagua, nawe ukae kwenye kiti chako cha kila siku. Utakachokiona humo ndicho utakachoishi nacho. Kisipokupendeza, msogeze huku na huku mpaka kikupendeze, ndipo umwite fundi.