Tunda Kizimbani: Kibonzo na Udhibiti wa Magazeti Nchini Ufaransa, 1830–1835

Katiba ya Ufaransa ya mwaka 1830, iliyotokana na Mapinduzi ya Julai, iliahidi kwamba udhibiti wa machapisho hautarejeshwa kamwe. Mwaka uliofuata, Charles Philipon, mwasisi wa gazeti la La Caricature, alikuwa kizimbani. Kosa lake lilikuwa kibonzo kilichomsawiri Mfalme Louis-Philippe kama mwashi anayesiriba ukuta, akizifunika alama za mapinduzi yaliyomtawaza.

Utetezi wake wa Novemba 1831 haukuwa wa kisheria tu. Alichora vichwa vinne. Cha kwanza kilikuwa cha mfalme, mashavu yakiwa mazito na utosi mwembamba. Cha nne kilikuwa tunda la pea, basi. Ikiwa cha kwanza ni hatia kwa kufanana na mfalme, alihoji, cha pili nacho ni hatia kwa kufanana na cha kwanza, na hatimaye mahakama italazimika kuyahukumu matunda. Alifungwa miezi sita na kutozwa faranga 2,000.

Hata hivyo, pea lilienea kwenye kuta za Paris. Nguvu ya taashira hii ilikuwa katika mtego wake: yeyote aliyelishtaki alipaswa kwanza kukiri kwamba ameuona uso wa mfalme ndani yake. Ni kama fumbo. Anayelifumbua hadharani ndiye anayetamka lililofichwa. Mnamo Februari 27, 1834, gazeti dada la Le Charivari lilichapisha hukumu iliyotolewa dhidi yake, maandishi yake yakiwa yamepangwa kwa umbo la pea. Maneno yalikuwa ya mahakama yenyewe. Kejeli ilikuwa katika umbo.

Honoré Daumier naye alifungwa mwaka 1832 kwa kumchora mfalme kama jitu linalolishwa vikapu vya kodi za wanyonge.

Baada ya jaribio la kumuua mfalme mnamo Julai 1835, serikali ilipata hoja iliyokuwa ikiitafuta: Katiba hulinda maoni, lakini mchoro ni tendo. Sheria za Septemba zikadai kila mchoro uidhinishwe kabla ya kuchapishwa, ilhali maandishi hayakuwekewa sharti hilo. La Caricature lilikuwa limekwisha kufungwa mwishoni mwa Agosti. Kuanzia mwaka 1836, Daumier akamgeukia Robert Macaire, tapeli wa jukwaani, akimvika leo joho la wakili, kesho koti la mwenye benki.